Ewoks: msimu wa kwanza utazameni wote

"Mama mdogo, baba yake atapona?" Mtoto wa dada yangu, miaka 6, aliniuliza bila kuondoa macho kwenye runinga. Tulikuwa tunatazama vibonzo vya Ewoks. Deej, baba yake Wicket, mhusika mkuu, alikuwa amepatwa na sumu, na wanawe watatu wameingia msituni kutafuta vitu vya kuchanganyia dawa. Nikamwambia tungoje tuone.

Hapo ndipo penye utamu wa vibonzo hivi. Ewok, viumbe wadogo wanaofanana na dubu, wanaishi juu ya miti mikubwa, kwenye mwezi wa Endor uliojaa misitu, na mmoja akiugua, kijiji kizima hakitulii. Mganga Logray ana ujuzi wake, lakini kazi ngumu huwaangukia watoto. Wicket ana kiherehere: anakurupuka, anakosea, kisha anarudi kurekebisha. Kneesaa, binti wa Chifu Chirpa, ndiye mwenye akili iliyotulia, na nimefurahi sana kwamba hayupo pale kwa ajili ya kuokolewa tu. Kama uliwajua kupitia Return of the Jedi, filamu ya Star Wars ya mwaka 1983, utashtuka kidogo kuwasikia wakiongea Kiingereza, maana kule walikuwa na lugha yao. Utazoea upesi.

Vilitengenezwa na studio ya Nelvana ya Kanada kwa ajili ya Lucasfilm, kampuni ya Star Wars, vikarushwa na televisheni ya ABC ya Marekani kuanzia 1985. Misimu ni miwili, na haifanani. Ule wa kwanza una Morag, mchawi mwenye chuki ya kweli. Katika kipindi cha kwanza kabisa anamteka malkia wa Wistie, viumbe wadogo wanaowaka kama cheche, ili Wistie walazimike kuuchoma msitu. Kwa kabila linaloishi mitini, hilo ni jambo la kufa na kupona, na mtoto analielewa bila kuelezwa.

Msimu wa pili umelainishwa mno. Hadithi nyingi ni fupi, mbili ndani ya kipindi kimoja, na ile hofu imeyeyuka. Hata wimbo wa kufungulia wa mwanamuziki Taj Mahal wameuondoa, nami niliupenda mno. Mtoto alinyanyuka katikati akaenda kucheza.

Jana kaniomba turudie kile cha Deej. Anaujua mwisho wake, na bado alinishika mkono.