RAV4 ya 2008: miezi minane Pemba, na ile chesisi namba iliyonitoa yadi mbio

Assalaam aleykum jamani. Nilingoja kwanza nifike miezi minane na gari hii ndo niandike, maana mtu akiandika wiki ya mwanzo anakuwa bado na furaha ya ufunguo. Ni Toyota RAV4 ya 2008, chesisi ACA31W, cc 2400, niliinunua Unguja kwa mwenyewe si yadi, ikapakiwa melini mpaka Mkoani na toka hapo nikaiendesha mwenyewe hadi Wete. Mie mwalimu wa skuli, nna watoto watatu na wote wanakaa kiti cha nyuma, hilo la kiti cha nyuma nalitanguliza kwa sababu ndo lililonifanya niiache ile gari ya kwanza.

Ile ya kwanza nilikuwa nishaipenda khasa. Ilikuwa RAV4 vile vile, iko yadi moja hapo Unguja, nyeupe inang'ara, dashibodi imepakwa dawa mpaka inateleza, milioni 22. Kijana wa yadi ananambia ukhti hii imetoka Japan juzi juzi, haina neno. Nikamuuliza rikoli zake zishafanywa? Akanitizama tu.

Kwa asiyejua, rikoli ni pale kampuni yenyewe inapotangaza kuwa gari ilizotengeneza mwaka fulani hadi fulani zina kasoro ya hatari, zirudishwe zitengenezwe bure. Na RAV4 za umbo hili zimo. Februari 2016 Toyota iliziita gari kama milioni 2.87 duniani, RAV4 pamoja na Vanguard ambayo ni ndugu yake, kwa ajili ya mikanda ya kiti cha nyuma. Gari ikigonga kwa mbele kwa nguvu, mkanda unaweza kulalia fremu ya chuma ya kiti ukakatika. Ukatike wakati ule ule unaouhitaji! Na matengenezo yake wallahi ni kitu kidogo, kifuniko cha plastiki ngumu kinachovishwa juu ya kile chuma basi. Lakini kama gari ilishauzwa nje kabla haijavishwa, nani atakuandikia barua uko Wete kukwambia uirudishe?

Kujua kama gari imefanyiwa rikoli unahitaji chesisi namba, ile namba ya utambulisho iliyopigwa kwenye gari yenyewe. Kijana akasema chesisi namba utapewa ukishaweka adivansi. Fundi wangu niliyekwenda naye hakubishana, kafungua boneti kamulika kile kibati kwenye ukuta nyuma ya injini, kanisomea, mie nikaandika kwenye simu pale pale juani. Tovuti ya Toyota ya Japan ina sehemu ya kutafuta rikoli, ina viboksi viwili, herufi na namba zilizo kabla ya kistari unatia cha kwanza, namba za baada ya kistari unatia cha pili. Kijapani kitupu, lakini simu inakutafsiria, tafsiri yenyewe imepinda pinda ila utaelewa. Bure, hawaulizi jina wala imeili. Msihangaike na ile ya serikali ya Marekani, ile inataka namba yenye tarakimu na herufi 17 na hizi gari zetu za Japan hazina namba hiyo, utajaza mpaka uchoke.

Jibu likaja, mkanda wa nyuma haujafanywa. Fundi akaukunja ule mto wa kiti akamulika ndani kwa tochi, akanambia mwalimu leta kidole. Nikapapasa, chuma kitupu, ukingo wake mwembamba unausikia kabisa, na mkanda unapita hapo hapo. Nikamfikiria yule wangu mdogo wa miaka sita. Kijana anasema mbona watu wanazipanda siku zote hizi hizi, nikamwambia mdogo wangu nashukuru, tukatoka.

Kabla ya hapo nilikuwa nataka Honda CR-V, zile za 2002 hadi 2006, nikaziacha kwa habari ya eabegi (mifuko ya hewa inayofunguka gari ikigonga) za kampuni ya Takata. Zile eabegi ndani yake mna baruti ya ammonium nitrate, na adui yake ni joto pamoja na unyevu wa miaka mingi, inaharibika, siku eabegi ikifunguka inalipuka kupita kiasi na vipande vya chuma vinaruka usoni kwa dereva. Marekani peke yake wamekufa zaidi ya watu 20. Japan toka 2018 walianza kuzinyima ukaguzi zile za hatari ambazo hazijabadilishwa eabegi. Sasa joto na unyevu, jamani, sisi tunaishi wapi? Sisemi CR-V mbaya, injini yake nzuri sana, nasema ukiipata ihakikishe kwanza kwa chesisi namba, Honda nao wana tovuti yao ya hivyo hivyo.

Hii yangu niliyoichukua ilitoka safi, mkanda ulishafanywa Japan, na kile kifuniko nimekiona kwa macho yangu. Mwenyewe alinipa namba hata sijamaliza kuomba.

Kuhusu kuishi nayo sasa. Injini yake 2AZ, na 2AZ za miaka hii zina sifa ya kula oili kwa ajili ya ringi za pistoni, hilo sio uvumi. Kwa hivyo kabla sijalipa fundi kavuta stiki ya kupimia oili asubuhi injini baridi, kaangalia na moshi wa ekzosi wakati wa kuwasha. Yangu inakula lakini kidogo, kama robo lita kila km 1,000, chupa naiweka nyuma ya gari na stiki naitizama kila Ijumaa. Mtu asiyekuwa na tabia ya kutizama stiki asinunue gari hii, atakuja kuua injini njiani. Giaboksi ni CVT, yaani otomatiki isiyo na gia za kuruka moja moja, inataka oili yake ya CVT, fundi akikwambia hii ya kawaida inafaa tu mwambie ahsante ondoka. Vilima vya njia ya Chake inapanda vizuri na mizigo, mafuta napata kama km 9 kwa lita. Mlango wa nyuma umebeba tairi ya spea kwa hivyo ni mzito, bawaba zimeshaanza kulegea, unaunyanyua kidogo ndo ufunge. Chini, kutu ya chumvi nimeikuta sehemu mbili, nimekwangua na kupaka rangi, kwa watu wa pwani hilo lazima uingie chini ukaangalie mwenyewe, usiridhike na kuambiwa.

Jambo moja nataka watu wa gereji walisikie. Swichi kuu ya madirisha, ile ya mlango wa dereva, Toyota iliziita gari milioni 7.43 Oktoba 2012 kwa ajili yake na RAV4 zimo, grisi ya ndani haikupakwa sawa sawa. Swichi inaanza kukwama kwama. Na walionya wenyewe, usipulizie dawa za kulainisha humo, plastiki inaweza kuyeyuka ikatoa moshi. Sasa huku swichi ikikwama tu la kwanza fundi anachukua kopo anapulizia! Yangu ilipoanza kukwama nilimzuia mtu kopo liko mkononi, nikanunua swichi nyingine.

Jana nimetia chesisi namba ya Vanguard ya kaka yangu aliyeko Konde. Mkanda haujafanywa. Tunatafuta nani atatuletea kile kifuniko, na wanawe toka jana wanakwenda skuli na gari yangu, tunabanana.