Laptopu inayochemka Goma: uzoefu wangu na fundi wa Birere

Kama laptopu yako inaunguruma muda wote, inaunguza mapaja na kazi inazidi kwenda pole pole, usinunue kitu chochote kabla fundi hajaifungua na kuisafisha ndani. Mimi nimelipa dola 15, pasta mpya ya kupitisha joto la prosesa (ubongo wa mashine) ikiwa ndani ya bei hiyo, na mashine niliyokuwa naambiwa niiuze imerudi kazini. Naandika kwa urefu kwa sababu hapa Goma watu wengi wanamaliza hela kwa vitu visivyogusa ugonjwa wenyewe, na mashine nzima kabisa zinauzwa kwa bei ya kutupa.

Kazi yangu ni kuunganisha video za harusi, mara nyingine za matanga. Mashine ni ya mitumba na ina prosesa ya Intel Core i5-8250U. Kwa kawaida prosesa hiyo inatembea kwa mbio ya gigahezi 1.6, na kazi ikiwa nzito inaweza kupanda hadi 3.4. Kikomo chake cha joto ni digrii 100. Ikikaribia hapo inajipunguzia mbio yenyewe isije ikaungua, na joto likigoma kushuka mashine inazimika ghafla. Huko kujipunguza ndiko wengi wetu tunakoita “mashine imezeeka”. Ukiona inakuwa nzito baada ya dakika chache za kazi, na ukiizima ikapoa inaamka vizuri tena, hapo uzee hauhusiki.

Nilipima kwa HWiNFO, programu ya bure inayoonyesha joto la kila kiini cha prosesa na kukuambia kama imeanza kujibana. Mashine ikiwa imekaa tu, bila kazi, ilikuwa digrii 68. Nikianza kutoa video, yaani mashine inaposuka vipande kuwa faili moja la kumpa mteja, kabla dakika haijaisha ilikuwa 97, mara 99, na mbio inashuka hadi gigahezi 1.2, chini hata ya ile ya kuanzia. Kipande cha dakika tano, bibi harusi anaingia ukumbini na wimbo wake, kilikuwa kinakula karibu nusu saa.

Ukieleza hayo mjini watu wanashangaa. Goma si Kinshasa. Tuko mita 1,500 hivi juu ya usawa wa bahari, pembeni ya ziwa Kivu, na jioni mtu anatafuta sweta. Mashine inachemkaje? Lakini mji huu umekaa juu ya lava. Ile ya volkano ya Nyiragongo iliyoshuka tarehe 17 Januari 2002 ilipita katikati ya mji, ikala sehemu ya uwanja wa ndege na kufika ziwani, na ile ya 22 Mei 2021 ilifika pembeni ya mji. Tunajenga kwa mawe hayo, tunayasaga kuwa kokoto na kuyamwaga barabarani, kisha malori na pikipiki zinayarudisha hewani kutwa nzima. Wakati wa kiangazi ukifuta meza asubuhi, saa sita kidole kinaandika juu yake. Ongeza moshi wa makala (mkaa) kutoka kwenye mbabula, jiko letu la mkaa, ambao una mafuta mafuta na unalifanya vumbi lishikamane. Feni ya laptopu inavuta hewa hiyohiyo kutoka chini, saa nane au kumi kwa siku.

Kuna jambo lingine ambalo halisemwi sana. Kwenye kimo chetu hewa ni hafifu, pungufu ya ile ya pwani kwa asilimia 15 hivi, na ni hewa ndiyo inayobeba joto kulitoa nje. Baridi ya Goma inasaidia kufidia upungufu huo, ila njia ya hewa ikishaziba, hiyo baridi inabaki nje ya mlango.

Kwanza nilinunua kibao chenye feni mbili, kile cha kuwekea laptopu juu, dola 12. Nakisema kwa haki: kimetengenezwa vizuri, hakina kelele, taa zake za bluu zinapendeza. Joto lilishuka digrii mbili au tatu tu, video ikachukua muda uleule. Kibao kinapuliza hewa kwenye tumbo la mashine. Kama njia ya ndani imefungwa, hewa hiyo inapita juu ya plastiki na kurudi mezani. Tena kinakula umeme wa USB, na siku umeme umekatika na uko kwenye betri utaona tofauti. Mwenye mashine safi ndani kinaweza kumfaa. Mwenye mashine iliyoziba asubiri kwanza.

Kibanda cha kwanza nilikopeleka mashine waliniambia tuweke Windows upya. Nilipowaonyesha digrii 97 kwenye skrini, wakabadilisha: prosesa imekufa, na kwa kuwa imechomelewa kwenye bodi, bodi nzima itoke, dola 120. Hakuna aliyeshika bisibisi. Nilichukua mashine yangu. Windows mpya haiondoi vumbi, na prosesa iliyokufa haifanyi kazi vizuri kila asubuhi ikiwa baridi.

Fundi wa Birere, mtaa wa hapa Goma, nilielekezwa na mpiga picha mwenzangu. Ni kijana, ana meza moja, taa ya kichwani na sanduku la bisibisi ndogo. Kilichonivutia ni kwamba kabla ya kugusa kitu aliomba tuione ikichemka. Akaiwasha, akafungulia kazi nzito, akaandika namba kwenye daftari. Kisha akaweka sikio upande inakotokea hewa na kunyoosha kiganja. “Yaya, weka mkono hapa,” akaniambia. Feni ilikuwa inapiga kelele yote ile, lakini kiganjani sikusikia upepo. “Feni ni nzima. Hewa haina pa kutokea.”

Akazima, akatoa chaja, akafungua mfuniko wa chini, na kitu cha kwanza alichofanya ndani ni kuchomoa waya wa betri kwenye bodi. Mshike fundi kwa jambo hilo. Asipochomoa betri, bisibisi ikiteleza mahali pabaya unapoteza bodi kweli. Skrubu za shaba iliyolala juu ya prosesa zina namba zilizoandikwa pembeni. Alizilegeza kwa mpangilio, kidogo kidogo, si kumaliza moja ndipo aende nyingine, kwa sababu uzito ukilalia upande mmoja prosesa inaweza kumeguka pembeni.

Halafu akatenganisha feni na yale mapezi membamba ya chuma ambayo hewa inapita katikati yake. Hapo ndipo niliuona ugonjwa wangu. Upande wa ndani, ambao ukichungulia kutoka nje huuoni hata ukiwa na tochi, kulikuwa na tabaka la vumbi la kijivu linaloelekea weusi. Alilivuta kwa kibanio likatoka zima, kama kipande cha blanketi. Akalipasua juu ya karatasi nyeupe: nyuzi za nguo, nywele, na katikati chembe nyeusi ndogo zinazong'aa. Nilizisugua kwa kidole, zinakwaruza. Ni barabara yetu ile, imeingia hadi ndani ya mashine.

Pasta ya zamani ilikuwa imekauka, inabanduka vipande vipande. Kazi ya pasta ni kujaza nafasi ndogo ndogo kati ya prosesa na shaba, maana nyuso mbili zinazoonekana laini kwa macho hazigusani kila mahali, na hewa inayobaki katikati inazuia joto lisipite. Joto likishavuka pasta linapita kwenye bomba la shaba lililobanwa bapa, ambalo ndani yake mna maji kidogo sana: upande wa prosesa yanageuka mvuke, upande wa mapezi yanapoa na kurudi. Pasta ikikauka safari hiyo inakwama mwanzoni. Mapezi yakiziba inakwama mwishoni. Kwangu vilikuwa vyote viwili.

Alisafisha kwa alkoli ya farmasi, ile ya asilimia 90, na kitambaa kisichoacha nyuzi, mpaka uso wa prosesa ukaonyesha taa ya kichwani mwake. Akatumia Arctic MX-4, bomba nililoliona likiwa na lebo yake, kiasi kidogo sana, akakitandaza kifunike uso wote. Wengine wanapaka nyingi wakidhani ndiyo itapoza zaidi. Inakuwa kinyume, tabaka nene linachelewesha joto. Vile vipande laini vya mpira vilivyo juu ya sehemu nyingine za bodi hakuvipaka pasta, alivirudisha vilevile. Vile ni vinene kwa sababu vinajaza nafasi kubwa, na fundi anayevitupa na kuweka pasta mahali pake anakuharibia.

Matokeo ni haya. Bila kazi: digrii 44. Nikitoa video: inapanda hadi 80 na kutulia kati ya 76 na 79, mbio haishuki chini ya gigahezi 2.6. Kile kipande cha dakika tano sasa kinachukua dakika 12. Ukiweka kiganja pembeni unasikia upepo wa moto, na ndivyo inavyotakiwa, joto linatoka. Mteja wa Jumamosi napata kumpa video Jumatano, badala ya kumwambia arudi wiki ijayo huku najua anasema vibaya nyuma yangu.

Yasiyonipendeza yapo. Hakunipa karatasi yoyote, wala dhamana zaidi ya “ikisumbua rudi”. Vumbi alilipuliza palepale mezani karibu na mashine za watu wengine, na hilo angelifanyia nje. Pia mguu mmoja wa mpira chini ya laptopu ulibanduka na haukuonekana tena. Kitu kidogo, lakini miguu hiyo ndiyo inayoinua mashine ili hewa iingie chini. Nilipomwambia hakubisha: alikata vipande vinne kutoka kwenye mpira wa ndani wa tairi ya pikipiki, akavigundisha vyote vilingane kimo. Vimeshika mpaka leo, tena viko juu kidogo kuliko vile vya kiwandani.

Nyumbani nimeongeza jambo moja lisilolipiwa. Kwenye Windows, ukiingia mipangilio ya umeme, sehemu ya prosesa, ukashusha kiwango cha juu kutoka 100 hadi 99, mashine inaacha kupanda mbio zile za ziada. Nikiandika barua au nikichagua picha naiacha kwenye 99, inakaa digrii 50 na ushee na feni karibu inyamaze. Nikitoa video narudisha 100. Mwanafunzi anayetumia mashine kwa kuandika tu hiyo peke yake inaweza kumtosha hadi apate hela ya fundi.

Ambacho sishauri ni kupeleka mashine kwa wanaojaza upepo matairi waipulize. Najua ni franka chache na wengi wanafanya. Kompresa ile inatoa matone ya maji pamoja na upepo, na nguvu yake inaizungusha feni kwa kasi ambayo haikutengenezewa. Halafu lile tabaka haliendi popote, linasukumwa tu na kubanwa zaidi ndani ya mapezi. Kama huna budi kupuliza, tumia kopo dogo la hewa, mashine imezimwa, na shika feni kwa kijiti isizunguke.

Naipa huduma hii nyota nne kati ya tano; ya tano inasubiri karatasi ya dhamana na usafi wa meza. Nani aende? Kama mashine yako ina miaka miwili au zaidi hapa Goma na haijawahi kufunguliwa, nenda hata kama bado hailalamiki. Kama bado iko chini ya dhamana ya dukani, waulize waliokuuzia kwanza kabla mtu hajagusa skrubu. Mwambie fundi akupimie joto mbele yako kabla na baada, akikataa beba mashine yako. Mimi nimeandika namba zangu ndani ya mfuniko kwa kalamu, 44 na 79, na kila mwisho wa kiangazi nitapima kwa kipande kilekile cha video. Joto likifika 88 narudi Birere.