Uzoefu wangu na TLP: kudhibiti kasi ya prosesa kwenye laptopu ya mwaka 2011

Nimeitumia TLP, programu ya kuokoa umeme kwenye laptopu za Linux, kwa takribani mwaka mmoja na nusu kwenye laptopu ya mtumba yenye prosesa ya Intel Core i5-2520M na mfumo wa Debian 12 (aina mojawapo ya Linux), hapa Mombasa ambako joto peke yake linatosha kuifanya feni ilalamike. Ninaipa nyota nne kati ya tano, ingawa wiki mbili za mwanzo niliilaumu kwa kosa lisilokuwa lake.

Prosesa hiyo, iliyotoka mwaka 2011, ina kasi ya msingi ya gigahetsi 2.5, hushuka hadi megahetsi 800 isipokuwa na kazi, na huweza kupanda kwa muda, kwa kinachoitwa turbo, hadi gigahetsi 3.2. Anayeamua ipande au ishuke ni sehemu ya kerneli (kiini cha mfumo) iitwayo gavana (Kenya tunao 47, lakini huyu angalau anasikiliza mzigo wa wananchi wake). Tangu kerneli 5.7 ya mwaka 2020, prosesa za Intel za rika hili, ambazo haziwezi kujipangia kasi zenyewe, kwa kawaida hupewa gavana wa schedutil, anayefuata taarifa za mpangaji kazi wa kerneli.

Wiki ile niliyoweka TLP, laptopu ilikuwa nzito kupita kiasi: kivinjari kilichukua karibu dakika nzima kufunguka na video zilikwamakwama. Nilifungua faili la mipangilio yake, /etc/tlp.conf, nikamweka gavana wa performance, anayeisukuma prosesa kwenye kasi ya juu, nikawasha upya, na hali ikabaki vilevile. Ndipo nilipoandika kwenye terminali amri ya grep MHz /proc/cpuinfo, inayoonyesha kasi ya prosesa kwa megahetsi, huku nikibana faili kubwa ili prosesa ipate kazi, na mistari yote minne ikanionyesha 798, wala haikusogea hata nilipoirudia amri hiyo mara kumi. Nilipochomoa chaja ili nihamie karibu na dirisha, nikaandika amri ileile na kukuta mistari imefika 2,900 na ushei. Laptopu iliyokuwa ikikimbia kwa betri na kutambaa kwa umeme ilikuwa kinyume cha kila nilichokuwa nimesoma.

Kumbe chaja niliyoinunua wiki ileile, ya bei nafuu na isiyo ya asili, haikuwa na uwezo wa kujitambulisha kupitia pini nyembamba iliyo katikati ya plagi yake. Mashine isipojua chaja inaweza kutoa wati ngapi, hujihami kwa kuibana prosesa kwenye kasi ya chini kabisa na kukataa kuchaji betri, na hakuna gavana wala programu ya kawaida inayoweza kupinga amri hiyo inayotoka kwenye maunzi. Ujumbe wa onyo ulikuwa ukitokea kila nilipowasha laptopu, nami nilikuwa nikiuruka kwa kubonyeza kitufe bila kuusoma. Na betri iliyoganda kwenye asilimia 31 nilikuwa nimeihesabu kuwa ni uzee tu. Nilipopata chaja sahihi, iliyotumika, kasi ilirudi siku hiyohiyo.

Baada ya hapo ndipo nilipoanza kuiona faida halisi ya TLP. Nilimwondoa performance, nikamwacha schedutil aendelee na kazi yake, kisha nikabadilisha mstari mmoja tu, CPU_BOOST_ON_BAT=0, unaozima turbo laptopu inapotumia betri. Kwa kazi zangu za kuandika na kusoma sioni tofauti ya kasi, lakini feni imetulia na betri yangu iliyochoka, ambayo ilikuwa ikimalizika baada ya saa moja na dakika 50, sasa hufika saa mbili na robo.

Jambo moja linahitaji tahadhari, nalo ni neno powersave. Kwenye mpangilio kama wangu, gavana huyo huishikilia prosesa kwenye megahetsi 800 hata ukiwa na kazi nzito, ilhali kiendeshi cha intel_pstate (sehemu ya kerneli inayoendesha kasi ya prosesa za Intel) kikiwa katika hali ya kujiamulia, jina lilelile humaanisha gavana anayepandisha na kushusha kasi kulingana na mzigo. Kwa hiyo ushauri wa mtu mwenye laptopu mpya unaweza kuifanya yako ya zamani iwe kama kobe. Amri ya tlp-stat -p itakuonyesha kiendeshi na gavana ulio nao kabla hujagusa chochote.

Nyota moja nimeinyima kwa sababu mipangilio yote hufanywa kwa kuhariri faili la maandishi marefu ya Kiingereza, na kwa sababu TLP haipatani na power-profiles-daemon, programu nyingine ya kusimamia matumizi ya umeme, kwa hiyo nililazimika kuiondoa hiyo ya pili ndipo mipangilio yangu ikae.