Nilivyompeleka mjomba nyumba ya Freddie Mercury, Shangani

Mie mtoto wa Kikwajuni. Mlango ule wa Barabara ya Kenyatta, wa nyumba ya Freddie Mercury, yule mwimbaji wa bendi ya Queen ya Uingereza, nimeupita miaka na miaka nikienda posta, na sikuwahi kuingia. Waliokuwa wakisimama pale kupiga picha ni wageni, sisi wenyeji tunawakwepa tupite zetu. Hata yalipofunguliwa makumbusho, Novemba 2019, nilijiambia hayo mambo yao.

Mwezi uliopita mjomba kaja kutoka Wete, Pemba, kutibiwa macho. Siku ya tatu kachoka kukaa ndani. "Nitembeze mji, mwanangu. Siku hizi nikija Unguja naishia hospitali na bandarini." Ndipo nikakumbuka nyumba ile.

Kwanza, onyo. Kabla hamjafika mlangoni mtakutana na papasi, wale vijana wanaowaganda wageni mitaani wakijifanya waongozaji. Wa kwetu alitushika njiani akaanza kusimulia jinsi Freddie alivyozaliwa chumba kile cha juu, chenye dirisha la kijani, mkunga kaitwa usiku wa manane. Mjomba kamsikiliza mpaka mwisho, kisha kamuuliza taratibu, "Kijana, wewe ulikuwepo?" Jamaa kacheka, lakini pesa ya chai kaiomba vile vile. Msimpe. Farrokh Bulsara, ndilo jina lake Freddie la kuzaliwa, kazaliwa hospitali ya serikali, tarehe 5 Septemba 1946. Na nyumba inayotajwa kuwa ya wazazi wake Mji Mkongwe si moja, kwa hiyo hadithi za vyumba na madirisha zichukueni kwa tahadhari.

Ndani ni padogo. Ni picha na maelezo ukutani, na mtu mwenye haraka atatoka baada ya nusu saa. Sisi tulikaa karibu saa mbili, kwa sababu mjomba anasoma kila neno, na asipoliona vizuri mie ndiye msomaji. Nilidhani atachoka tukifika kwenye mambo ya gitaa na nywele ndefu. Wapi! Alitaka kujua Maparsi, watu wa dini ya Zoroasta waliotokea India kama familia ya Freddie, walikuwa wangapi mjini, wakizika vipi, na kwa nini mtoto wa miaka minane apelekwe skuli ya bweni Panchgani, India, mbali na mamake. Nilipomwambia kuwa ule wimbo mrefu wa Queen wa mwaka 1975, Bohemian Rhapsody, una neno "Bismillah" ndani yake, na linarudiwa rudiwa, alinitazama kama naongopa. Ikabidi nitoe simu, nimsikilizishe kwa sauti ndogo. Akatikisa kichwa. "Mtoto wa Zanzibar huyo. Kalisikia kwa jirani."

Lakini kilichomshika hasa ni baba mtu. Bomi Bulsara alikuwa keshia wa Mahakama Kuu. Mjomba, kwa wasiomjua, kafanya kazi ya ukarani wa mahakama mpaka kustaafu.

"Keshia? Pale Vuga?"

"Ndiyo, mjomba."

"Aa, basi huyu mtu wa ofisini kwetu."

Tangu hapo akawa anatembea mle ndani kama kaja kuhani msiba wa mtu anayemjua. Alisimama muda mrefu kwenye habari za mwaka 1964, mwaka ambao familia ile iliondoka kwenda Uingereza baada ya Mapinduzi. Hakusema kitu, nami sikumuuliza.

Tulipokaa kunywa juisi ya miwa nikamsimulia habari ya nyumba nyingine, ile ya London. Freddie aliinunua mwaka 1980, inaitwa Garden Lodge, na humo ndimo alimofia tarehe 24 Novemba 1991. Alimwachia rafiki yake wa siku nyingi, Mary Austin, ambaye alikaa nayo zaidi ya miaka 30, ukuta mrefu, mlango umefungwa, mashabiki wakiandika salamu zao nje. Mwaka 2023 vitu vya ndani vikatolewa. Sotheby's, kampuni ya mnada, wakaviweka hadharani mwezi mzima bila kiingilio, watu zaidi ya 140,000 wakaenda kuviona, kisha vikapigwa mnada: zaidi ya vitu 1,400, jumla karibu pauni milioni 40. Piano yake peke yake pauni milioni 1.7. Sehemu ya fedha ikaenda kwenye mifuko miwili ya kupambana na UKIMWI, wa Elton John na ule wa Mercury Phoenix ulioanzishwa na wenzake wa Queen mwaka 1992.

Mjomba kafikiri. "Sadaka hiyo nzuri. Ila vitu ndiyo vishatawanyika."

Ndivyo nionavyo mie pia. Piano ile sasa ni mali ya mtu, iko kwake. Kwa hiyo anayekwenda Shangani akitarajia koti lake la manjano na taji la jukwaani atakuwa kajidanganya mwenyewe. Pale unaingia kusoma mtoto alitokea mtaa gani, na kwa hilo mie nawapa nyota nne. Nenda asubuhi, mchana Barabara ya Kenyatta inajaa. Mkaazi, uliza bei ya mkaazi kabla hujatoa pesa. Ukiwa na mzee, mchukulie kigari cha kurudia, maana hatakubali kurudi mapema.

Wa kwangu hakukubali. Tulitoka kule tukashika njia ya Vuga kwa mguu, jua limepanda, mpaka kwenye jengo la mahakama alilolichora Sinclair, msanifu Mwingereza, lile lenye kuba. Mjomba kasimama ng'ambo ya barabara, kaweka kiganja juu ya macho yake mabovu, akawa ananionesha kwa bakora upande ambao, enzi zake, watu walipanga foleni kulipa faini.

"Keshia alikaa pale," akasema. "Dirisha la pili."