Firefox ESR: kivinjari cha kompyuta zinazotumiwa na wengi

Kompyuta ya saiba, ya maabara ya shule au ya mapokezi ya zahanati inahitaji kivinjari kisichobadilika sura kila mara. Firefox ya kawaida hutoa toleo jipya kila wiki 4. ESR (Extended Support Release, yaani toleo la Firefox linalotunzwa kwa muda mrefu) hupata viraka vya usalama kwa ratiba hiyohiyo, lakini mageuzi makubwa huja takriban mara moja kwa mwaka: toleo 115 lilitoka Julai 2023, 128 Julai 2024, na 140 Juni 2025. Jipya likitoka, la zamani huendelea kupata viraka kwa wiki kama 12. Muda huo unatosha kujaribu mfumo wa malipo kwenye mashine moja kabla ya kuhamisha zote. Kwa kazi za namna hii tunaipendekeza bila kusita.

Kuna mtego mmoja wakati wa kusakinisha. Kama mashine ilikuwa na Firefox ya kawaida yenye namba ya juu zaidi, ESR itakataa profaili ya zamani (folda yenye alamisho na mipangilio yako) na kukutaka uunde mpya, na alamisho hutaziona. Kwa hiyo tangulia kubonyeza Ctrl+Shift+O, toa alamisho kwa faili ya HTML, kisha uziingize baadaye. Profaili ya zamani usiifute.

Uzuri wake mkubwa uko kwenye sera, yaani kanuni ambazo msimamizi hukiwekea kivinjari, ingawa Firefox ya kawaida nayo inazo. Ndani ya C:\Program Files\Mozilla Firefox tengeneza folda iitwayo distribution, na humo weka faili policies.json yenye maneno haya:

{"policies": {"OfferToSaveLogins": false, "SanitizeOnShutdown": true}}

Kuanzia hapo kivinjari hakitauliza kama kihifadhi nenosiri la mteja, na kila kikifungwa kitafuta historia na vidakuzi. Kifunge, kifungue tena, andika about:policies uhakikishe. Usipoona kitu, mara nyingi Notepad imehifadhi faili kama policies.json.txt na Windows imeficha mkia huo. Koma iliyozidi nayo huharibu faili nzima.

Kuna sera ya DisableAppUpdate, inayozima masasisho kabisa. Iache. Machi 14, 2025 cheti cha msingi cha Mozilla (watengenezaji wa Firefox), kinachothibitisha nyongeza (add-ons) za kivinjari, kiliisha muda, na waliobaki chini ya toleo 128, au chini ya 115.13 kwa ESR, walipoteza nyongeza zao. Kukwepa masasisho ili kuokoa bando pia hakulipi: mashine inayosasishwa kwa wakati hupakua tofauti tu kati ya matoleo, lakini iliyoachwa nyuma sana hupakua programu nzima.

Windows ikidai nenosiri la msimamizi kila sasisho linapoingia, angalia kama Mozilla Maintenance Service, huduma inayosakinisha masasisho kimyakimya, imezimwa. Kwenye mashine kuukuu, tazama saa kwanza. Betri ya CR2032 kwenye ubao mama ikifa, tarehe hurudi nyuma miaka, vyeti vya usalama vya tovuti huonekana batili, tovuti hazifunguki na masasisho hayaingii. Weka betri mpya, rekebisha tarehe, kisha nenda Help, About Firefox.

Wenye Windows 7, 8 au 8.1 wachukue ESR 115 pekee, kwani 128 haiingii humo. Mozilla imeongeza muda wa toleo hilo zaidi ya mara moja, wakati Chrome iliishia 109 kwenye mifumo hiyo. Hata hivyo kiraka cha kivinjari hakizibi matundu ya Windows yenyewe, hivyo mashine hizo zisitumike kwa miamala ya benki.