Goose niliyoinunua haikujua kuelea: uzoefu wangu na namba zilizoiponya

Modeli hii ya kompyuta ya Grumman Goose, ndege ya kutua majini na nchi kavu, ni nzuri mno ikiwa nchi kavu. Bati la mwili lina alama za misumari zilizochorwa moja moja, vioo vinaakisi jua inavyotakiwa, na zile injini mbili za Wasp Junior zinanguruma kwa sauti nzito inayobadilika kila ukiongeza au kupunguza nguvu. Niliinunua kwa ajili ya Flight Simulator X, simuleta ya kurusha ndege kwenye kompyuta ya mwaka 2006 ambayo bado naipenda, nikairusha siku tatu mfululizo kutoka njia moja ya kurukia hadi nyingine bila kuona kasoro. Siku ya nne nikaiteremsha majini.

Ilidunda kama mpira mara tano au sita. Ilipotulia, omo ilikuwa juu na tezi chini, maji yamefika kwenye shina la mkia. Halafu ikaanza kwenda mrama, kushoto kulia, kushoto kulia, na hali upepo nilikuwa nimeuzima kabisa. Nilipotia nguvu pua ikazidi kupanda hadi mbele yangu pakawa anga tupu, ndege ikaburuta mkia majini mpaka nikakata tamaa. Haikuruka.

Kwa ndege nyingine ningesema basi, nitaitumia nchi kavu. Kwa Goose siwezi. Ndege hii, iliyoruka mara ya kwanza mwaka 1937, haikufungiwa maboya chini ya tumbo kama ndege ya Beaver ya majini. Mwili wake wenyewe ndio chombo. Una mkuku, una mbavu za kukata maji, una kidato chini ya tumbo cha kuvunja mnyonyo wa maji wakati wa kuruka, na magurudumu yake hujikunja ubavuni. Modeli ya Goose isiyoelea ni picha ya Goose, na mimi nilikuwa nimelipia ndege.

Nilidhani tatizo liko kwenye umbo, labda mtengenezaji alichora tumbo vibaya. Haliko huko, na kama kuna jambo moja ningependa mnunuzi wa modeli ya aina hii alijue, ni hili: kwenye simuleta hii, umbo unaloliona haliguswi na maji. Goose halisi yenye uzito wa juu kabisa, ratili 8,000, yaani takriban kilo 3,630, huelea kwa kusukuma kando lita zipatazo 3,630 za maji yasiyo na chumvi. Simuleta haipigi hesabu hiyo. Haijui ujazo wa tumbo. Inachokijua ni nukta chache zilizoandikwa kwenye faili liitwalo aircraft.cfg, chini ya kichwa cha contact_points, na kila nukta ni kama springi. Nukta ikizama, springi inasukuma juu. Ndege yote inakaa juu ya springi hizo, na lile umbo zuri linafuata tu.

Kila mstari huanza na namba ya aina. 1 ni gurudumu, 2 ni sehemu ya kukwaruza, 4 ni boya, 5 ni usukani wa maji. Zinafuata namba tatu za mahali: mbele au nyuma, kulia au kushoto, juu au chini, zote kwa futi kutoka nukta ya marejeo ya ndege. Baadaye kwenye mstari huohuo unakuta mbonyeo tuli, yaani springi inabonyea futi ngapi ndege ikiwa imetulia, kisha uwiano wa mbonyeo wa juu kabisa, kisha kipimo cha kutuliza mdundo. Hizo ndizo zinazoamua kama una boti au una mpira. Jihadhari na desimali: inchi 6 si 0.6, ni 0.5. Nimeona watu wakihangaika usiku kucha kwa kosa hilo moja.

Nilipolifungua faili la modeli yangu, kila kituko nilichokiona majini kilikuwa kimeandikwa pale. Nukta za boya za tumbo zilikuwa nne, jozi mbili, na jozi zote mbili zilikuwa mbele ya kitovu cha uzito. Nyuma hapakuwa na kitu chochote cha kubeba mkia. Mbonyeo tuli ulikuwa 0.2, springi ngumu kama jiwe, na kipimo cha kutuliza mdundo kilikuwa 0.1. Kipimo hicho kikiwa 0 springi inadunda bila kukoma, kikiwa 1 inatulia bila kudunda hata mara moja, kwa hiyo 0.1 ni kuiomba ndege idunde. Tena jozi zenyewe zilikuwa zimebanana karibu na mkuku, futi moja tu kutoka katikati kila upande. Ndiyo maana ilikuwa ikienda mrama: ilisimama kama mtu anayetembea juu ya kamba.

Wahenga walisema kuenda tezi na omo, marejeo ni ngamani, na mimi nilianzia huko ngamani kwa maana halisi ya neno. Nilitafuta kwanza kitovu cha uzito, ambacho kimeandikwa kwenye faili hilohilo chini ya weight_and_balance. Kwenye modeli yangu kilikuwa futi 1.2 nyuma ya nukta ya marejeo. Jozi ya mbele nikaiacha mahali pake. Jozi ya pili nikairudisha hadi futi 1.8 nyuma, pale kidato kinapoonekana kwenye umbo, kwa sababu hata kwenye ndege halisi kidato hukaa nyuma kidogo ya kitovu cha uzito. Kisha nikaongeza nukta moja peke yake karibu na mkia, ikiwa juu zaidi ya zile za tumbo.

Hiyo nukta ya mkia ilinichukua jioni nzima. Ukiiweka chini sana, ndege inaelea vizuri ikiwa imetulia, lakini ukikimbia kuruka mkia unakataa kushuka, pua haiinuki, unafika ng'ambo ya ziwa ukiwa bado uko majini. Ukiiweka juu sana mkia unazama tena. Niligundua kwamba inatakiwa iguse maji kidogo tu ndege ikiwa imetulia, na itoke majini yenyewe mara ndege inapopanda juu ya kidato. Kwangu nukta hiyo ilizama futi 0.4 tu, wakati zile za tumbo zilizama futi 1.6.

Futi 1.6 hizo sikuzibuni. Nilitafuta picha za Goose halisi zilizopigwa ubavuni ikiwa imetulia majini, nikatazama mstari wa maji unapita wapi, nikalinganisha na umbo la modeli. Mkuku wa modeli uko futi 4.1 chini ya nukta ya marejeo, na mstari wa maji unatakiwa upite futi 2.5 chini. Tofauti ni 1.6, na hiyo ndiyo niliyoiandika kama mbonyeo tuli. Si hesabu kamili, maana mafuta na abiria hubadilisha uzito na springi zinagawana mzigo kwa namna yake, lakini ilinifikisha karibu sana mara ya kwanza, nikabaki kurekebisha inchi moja moja. Kipimo cha kutuliza mdundo nikakipandisha hadi 0.8. Springi laini isiyotulizwa ni mbaya kuliko ngumu. Ndege inainama na kuinuka kama pomboo.

Maboya madogo ya mabawa nayo yana somo lake. Mtengenezaji aliyaweka yote mawili yazame kwa pamoja, kwa hiyo kila mrama ulipopoa mabawa yalikaa mlalo kama meza. Chombo cha aina hii hakikai hivyo. Yale maboya ni kama ndubi za ngalawa: yapo ili chombo kisipinduke, hayapo ili kukibeba. Goose iliyotulia huegemea boya moja kidogo, la pili likiwa hewani. Nikayapandisha inchi chache juu ya mstari wa maji, nikazipanua jozi za tumbo hadi kwenye kingo za mbavu, na mrama ukaisha. Sasa ndege inalala ubavu kwa utaratibu, unaweza hata kuona inavyobadilisha upande upepo ukigeuka. Nilifurahi sana kuliona jambo hilo dogo. Nilikaa nalitazama kwa muda mrefu bila kuwasha injini.

Ukitaka kujaribu, fanya nakala ya faili kabla ya kugusa chochote, na kwenye mipangilio ya vitufe wekea kitufe ile amri ya kupakia ndege upya. Haina kitufe tangu mwanzo, lakini bila hiyo utakuwa unafunga na kufungua simuleta kwa kila namba unayobadilisha. Hakikisha pia nukta za boya hazishuki chini ya magurudumu yaliyoteremshwa, la sivyo utaharibu kutua kwake nchi kavu, ambako ilikuwa nzuri tangu siku ya kwanza.

Kuna mambo mawili sikuyaweza. La kwanza ni kule kuanguka ukichagua kuanzia safari majini. Simuleta huiweka ndege mahali kwa kutumia kimo kimoja, static_cg_height, na kimo hicho ni kilekile kwa nchi kavu na kwa maji. Ndege ya majini na nchi kavu ina vimo viwili tofauti, kwa sababu ya magurudumu. Nimeacha kile cha nchi kavu, kwa hiyo nikianzia majini inashuka futi kadhaa kwa kishindo kabla ya kutulia. Anayeudhika anaweza kutengeneza folda ya pili ya ndege ileile yenye kimo cha majini. Mimi naanzia ufukweni na kuingia majini kwa magurudumu, nikiyakunja mara tu inapoelea. Na usisahau kuyakunja unapotua. Kwa ndege halisi kutua majini na magurudumu yakiwa nje ni hatari kubwa, maji huyakamata na kuipindua.

La pili ni la umbo, na hili ni la mtengenezaji peke yake: ukiwa ndani ya chumba cha abiria, maji yanaonekana juu ya sakafu, kana kwamba tumbo limetoboka. Hakuna namba ya kuliondoa.

Wenye simuleta mpya zaidi wataikuta kazi ileile mahali pengine. Kwenye toleo la 2020 nukta hizi ziko kwenye flight_model.cfg, na boya bado ni namba 4.

Je, ningeinunua tena? Ndiyo. Kwa kuelea, ilivyokuja naipa nyota moja, na naona mtengenezaji hakuwahi kuijaribu kwenye maji hata nusu saa, jambo linaloniuma kwa kuwa kazi ya mkono iliyomo kwenye umbo lake ni ya mtu mwenye upendo na ndege hii. Baada ya marekebisho naipa nne. Inapanda kwenye kidato ikiwa na povu nyuma, unaachia usukani kidogo, inakaa sawa, na maji yanaiachia taratibu.

Namba zangu nimemtumia mtengenezaji. Amenijibu kwa uungwana kwamba ataziangalia kwa ajili ya sasisho lijalo. Wewe ukizibadilisha sasa, weka nakala ya faili lako nje ya folda ya ndege, kwa sababu sasisho likija litaandika juu yake.