Siku tatu kwa fundi wa mishale ya mwanzi huko Mbale: nilicholipia na nilichopata

Mshale wangu wa mwisho wa kaboni ulivunjikia kwenye jiwe nyuma ya shabaha, na tangu siku hiyo upinde ukabaki ukutani kama picha ya marehemu. Ni upinde wa mbao unaotaka nguvu ya pauni 40 kuuvuta, niliouziwa na mwalimu mmoja wa kigeni aliyekuwa anafunga mizigo kurudi kwao. Hapa Bombo, Uganda, huendi dukani ukaomba mishale. Nilipouliza bei ya kuagiza nje, ukijumlisha usafiri na ushuru, mishale sita ilikuwa inakaribia bei ya mbuzi.

Binamu yangu anayeuza nguo Mbale ndiye aliyeniambia habari za mzee mmoja kwenye miteremko ya mlima Elgon anayetengeneza mishale ya mwanzi kwa mkono na kufundisha wanaotaka. Siku tatu kwa shilingi 150,000, chakula cha mchana ndani yake, na unaondoka na mishale sita uliyoitengeneza mwenyewe. Nililipa nusu kwa simu, nusu nilipofika. Jina lake nalihifadhi, maana nitamsifu na nitamlaumu.

Nilidhani nitakuta mwanzi wa mlimani umejaa mlangoni. Sivyo. Mwanzi ule mkubwa wa Elgon uko juu, zaidi ya mita 2,400, ndani ya hifadhi ya taifa, na si wa kukata ovyo. Tena ni mnene mno; ukitaka mshale lazima uupasue na kuuranda mpaka uwe kijiti cha mviringo. Wenyeji wanaujua zaidi kwa kinywa: machipukizi yake yaliyokaushwa kwa moshi ndiyo malewa, na mke wa mzee alitupikia siku ya kwanza kwa karanga za kusaga. Kwa sahani ile peke yake sina malalamiko.

Mishale yake anaitoa kwenye mwanzi mwembamba wa uzio, aliouotesha kuzunguka boma lake. Anakata wakati wa kiangazi, na anakata ile iliyokomaa miaka mitatu tu. Mwanzi mchanga ukikauka husinyaa, na kwa kuwa bado una wanga mwingi, hubunguliwa na wadudu mpaka ukiupiga gotini unatoka unga. Akishakata anaitundika kivulini, juu kidogo ya moshi wa jikoni, miezi mitano. Jua kali huipasua.

Nilichagua vijiti ishirini, akavikataa kumi na moja. Hakuvipima kwa chochote. Alivishika mmoja mmoja mbele ya jicho, akavizungusha, akavitupa pembeni. Unene anaoutaka ni milimita nane hadi tisa, na mafundo yasikaribiane sana. Lakini kupinda hakumsumbui hata kidogo. Kijiti kilichopinda kama mkia wa mbwa alikiweka upande wa vizuri, na hapo nikaanza kuwa na wasiwasi na pesa zangu.

Wasiwasi uliisha kwenye sigiri. Siku nzima ya pili ilikuwa ya kunyoosha, na nasema wazi kuwa hiyo ndiyo siku niliyoilipia, zile nyingine ni nyongeza. Unapitisha kijiti juu ya makaa yasiyo na ndimi za moto, unakizungusha bila kusimama, mpaka ngozi yake inaanza kung'aa kama imepakwa mafuta na vidole havivumilii tena. Hapo una muda wa kuhesabu hadi kumi hivi. Unakiingiza kwenye kipande cha mbao ngumu kilichokatwa mfereji wa mshazari, unakibonyeza kupita kidogo pale unapotaka kiishie, na unakishikilia hapo mpaka kipoe. Kuachia mapema ndilo kosa la kila mgeni. Mimi nilichoma viwili vikawa na doa jeusi, na kimoja nilikivunja kwa haraka zangu.

"Kijana wangu, usikilazimishe kikiwa baridi," aliniambia. "Kitakukubalia hapa mbele yako, kesho asubuhi utakikuta kimerudi kwao."

Kuna utaratibu pia: unaanza na pingili, yaani sehemu zilizo kati ya fundo na fundo, halafu ndipo unashughulikia mafundo yenyewe, ambayo ni magumu na yanataka moto zaidi. Ukianza na mafundo utafanya kazi mara mbili. Baada ya hapo unatumia tupa ndogo ya chuma na msasa kusawazisha vile vishingo vya mafundo, kidogo tu, kwa sababu nguvu za mwanzi ziko kwenye nyuzi za nje na ukizikata umekaribisha mpasuko.

Sehemu iliyonishangaza zaidi ni jinsi anavyopima ukakamavu. Mshale haupiti upinde kwa kunyooka. Unapoachia upote, yaani kamba ya upinde, mshale unajikunja, unazunguka mti wa upinde, halafu unajinyoosha angani. Ukiwa mgumu mno au laini mno kwa upinde wako, utakwenda pembeni hata kama umelenga sawasawa. Mzee ana ubao wenye misumari miwili, umbali wa sentimita 66. Analaza kijiti juu yake, ananing'iniza katikati jiwe alilolipima dukani, gramu 900 na kitu kidogo, anaandika kijiti kimeshuka milimita ngapi. Gawa 660 kwa milimita hizo, jibu ndilo pauni za upinde kinaoufaa. Kikishuka milimita 16 na nusu, ni pauni 40, yaani wangu. Ni kipimo kilekile cha pauni mbili na inchi 26 ambacho watengenezaji wa mishale ya mbao wamekitumia miaka mingi, ila yeye amekihamishia kwenye jiwe na daftari la shule. Mwanzi una upande mmoja mgumu kuliko mwingine, kwa hiyo anapima mara mbili huku akizungusha, na upande mgumu ndio unaolala kwenye upinde.

Mengine yalikwenda mbio. Mkato wa kukalia upote unawekwa upande mwembamba, nyuma kidogo ya fundo ili fundo lizuie kupasuka, kisha unafungwa uzi. Manyoya ni ya bata mzinga, matatu, yote ya bawa moja. Chembe, yaani ncha ya mshale, ni msumari wa inchi tatu uliokatwa kichwa na kunolewa, gramu sita na nusu hivi, umezamishwa kwenye tundu la mwanzi na kufungwa uzi kwa nje. Mzee ana tupa nzuri kuliko zote nilizowahi kushika na hakubali kuiazima.

Sasa lawama. Kabla ya kuondoka nilinunua mishale mingine sita iliyokwisha tengenezwa, kutoka rafu yake, shilingi 15,000 kila mmoja. Nilipofika nyumbani niliipima kwenye mizani ya jikoni: mwepesi gramu 25, mzito gramu 35. Kwa upinde wangu nataka yote ikaribie 26. Mmoja ulikuwa na manyoya ya bawa la kulia na la kushoto pamoja, ukaruka ukitikisika kama kuku aliyeshikwa mguu. Mtu anayekufundisha kuchagua kwa ukali hivyo, halafu anauza vitu vya namna hii? Nilimpigia, akasema hizo ni za watalii wanaotundika ukutani. Angeniambia mapema.

La pili ni gundi. Anatumia ya kuyeyusha kwa moto, na mishale yangu ilikaa nyuma ya kioo cha teksi kutoka Mbale mpaka Kampala juani. Chembe mbili zilikuwa zinacheza nilipozishika. Nilizibandika upya kwa gundi ya kuchanganya ya sehemu mbili na hazijasogea tena.

Mishale sita ya mikono yangu je? Nimeirusha kwa wiki tano kwenye gunia nililolijaza mtumba uliochakaa wa soko la Owino, Kampala. Kwa mita 15, minne inaingia ndani ya duara la sahani. Mmoja ulikuwa unakwenda kushoto kila mara. Mimi navuta kwa mkono wa kulia, kwa hiyo hiyo ni dalili ya ugumu, na kweli ulishuka milimita 14 tu. Nilizungushia waya wa shaba nyuma ya chembe kuongeza uzito mbele, ukarudi katikati. Wa sita ulipasuka karibu na fundo. Niliusikia kabla sijauona, kwa sababu mzee alinizoesha kukunja kila mshale kidogo karibu na sikio kabla ya kurusha. Fanyeni hivyo jamani. Mwanzi uliopasuka ukiachiwa na upote unaweza kukuingia kwenye mkono ulioshika upinde.

Kwa anayeuliza kama aende: nenda ukajifunze, usinunue vya rafuni. Beba glavu za ngozi, gundi yako na rula ya milimita. Na kama una mawazo ya kuwinda, yaache hukohuko, mnyama wa porini bila kibali ni kesi.

Mwanzi mwingine nimeukata kwa jirani mwenye uzio, vijiti thelathini, vinaning'inia juu ya moto jikoni kwa mama. Vitakuwa tayari baada ya miezi mitano kama vitafika. Mama ameshachukua viwili vya kufukuzia kuku.